Maji, malisho na moto: kukisoma kituo cha data kwa macho ya fiqhi





Ndugu wasomaji, makala hii imetokana na kazi ya kuhitimu ya ndugu yetu mmoja anayesoma uhandisi. Memwari yake inachambua ujenzi wa kituo cha data. Alipofika kwenye sura ya athari kwa jamii, alitujia sisi wa masomo ya Kiislamu na swali: je, fiqhi ina la kusema juu ya jengo lililojaa kompyuta? Tulikaa naye jioni kadhaa hapa Bwiza, baada ya Magharibi, vitabu vikiwa wazi mbele yetu. Tuliona kwamba fiqhi ina mengi ya kusema, ila hayako pale ambapo wengi wetu tungeanzia kutafuta. Tukisikia “teknolojia na Uislamu” tunakimbilia kuuliza watu wanaangalia nini kwenye simu zao. Hilo lina mahali pake. Lakini jengo lina maswali yake kabla hata seva ya kwanza haijawashwa, na maswali hayo yamo katika milango ya maji, ardhi, ijara na amana.

Kwanza tuelewane kituo cha data ni kitu gani. Ni ghala. Picha uliyomtumia mama, video ya darsa uliyoihifadhi, salio la pesa kwenye simu, matokeo ya mtihani: hakuna kinachoelea hewani. Kila kimoja kimekaa ndani ya seva, seva zimepangwa kwenye makabati, na makabati yamo ndani ya jumba lenye ulinzi. Jumba hilo linahitaji umeme usiokatika, mkongo wa mawasiliano, na baridi. Baridi ndiyo watu wanayoisahau. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka kama joto, na joto hilo lisipoondolewa mashine hujizima au huungua. Kwa hiyo wahandisi wana kipimo kinachoitwa kwa kifupi PUE: umeme wote wa jengo ukigawanywa kwa umeme wa seva peke yake. Jengo lenye kipimo cha 1.5 lina maana kwamba kila wati moja ya kazi inabeba nusu wati nyingine kwa ajili ya kupoza, taa na hasara za njiani. Ndugu yetu ana kurasa thelathini juu ya kipimo hicho na sitazirudia hapa.

Mfano aliouchagua ni wa jirani zetu wa Kenya. Mwezi Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Washington, kampuni za Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni moja ambao kiini chake ni kituo cha data huko Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachoendeshwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa ya megawati 100, na lengo la mbali ni megawati 1,000. Tangazo si jengo, na kila mwanafunzi wa uhandisi anajua umbali ulioko kati ya mawili hayo. Lakini kwa kujifunzia mfano huu unatosha, kwa sababu Olkaria ni mahali pamoja penye ziwa, penye wafugaji na penye moto chini ya ardhi.

Hapo ndipo hadithi inayofahamika na wengi inapoingia. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud na Ibn Majah, na maana yake ni kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Tulipoisoma, ndugu yetu alicheka, akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa jedwali lake: ziwa, Wamasai, mvuke.

Tuanze na moto. Wanazuoni wa zamani walilifasiri neno hili kwa njia kadhaa: kuni za porini zisizo na mwenyewe, au kuwasha taa yako kwa mwali wa jirani. Wengi wa zama zetu wamelipanua lifike kwenye nishati kwa jumla. Swali gumu ni hili: mvuke wa Olkaria unaweza kukatiwa mtu mmoja au kampuni moja? Tuna kisa cha Abyad bin Hammal (r.a.), aliyemwomba Mtume (s.a.w.) ampe chumvi ya Ma'rib kule Yemen, naye akampa. Mtu mmoja aliyekuwepo akaeleza kwamba kilichotolewa ni mfano wa maji yasiyokauka, na Mtume (s.a.w.) akakirudisha. Kutokana na kisa hiki mafaqihi walitenganisha madini ya dhahiri, ambayo mtu huyapata bila jasho kubwa na hayakatiwi mtu, na madini ya ndani, ambayo hayapatikani ila kwa kuchimba na kugharimia. Mvuke wa Olkaria hutolewa kwa visima vinavyoshuka kilomita mbili na zaidi. Kwa kipimo hicho uko karibu zaidi na madini ya ndani, na dola ina nafasi ya kumruhusu mtu auchimbe kwa masharti. Hata hivyo mimi naona kisa cha Abyad kinabaki na uzito. Mtume (s.a.w.) aliitengua ruhusa yake mwenyewe baada ya kuelezwa ukubwa wa kitu alichokitoa, maana yake mkataba wa mali ya umma haufungwi kabla kiasi hakijajulikana.

Basi tuangalie kiasi. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima mwaka 2025 yalipita megawati 2,300. Kituo kimoja cha megawati 1,000 ni zaidi ya mbili ya tano ya hizo. Kwetu Burundi hesabu inatisha zaidi. Rusumo, bwawa tunalochangia na Rwanda na Tanzania, lina megawati 80, na fungu letu ni kama 27. Mitambo ya jua ya Mubuga kule Gitega, iliyozinduliwa mwaka 2021, ni megawati 7.5. Awamu ya kwanza tu ya Olkaria ingelimeza Rusumo lote la nchi tatu na bado ikadai megawati 20. Msomaji asidhani ni shida ya Afrika peke yake: Ireland, nchi tajiri, vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme uliopimwa mwaka 2023, zaidi ya nyumba zote za mijini za nchi hiyo zikijumlishwa.

Haki tuiseme pia upande wa pili. Mvuke wa ardhini haulali. Usiku wa manane Wakenya wamezima taa, visima bado vinapumua, na imewahi kutokea mvuke ukaachwa upotee hewani kwa kukosa mnunuzi. Mteja anayetumia umeme usiku na mchana kwa kiwango kilekile anaweza kuufanya uchimbaji ulipe, na faida hiyo ikafika kwa mwenye balbu moja. Inaweza. Memwari nzuri itaonyesha kwa tarakimu ni nani analipa nyaya mpya na bei ya nani inapanda. Isitosheke na kusema kwamba umeme ni wa kijani.

Kwenye maji, kesi tunayoijua wote ni ya Zubayr bin Awwam (r.a.) na jirani yake wa Kiansari waliogombania mfereji wa kumwagilia mitende. Bukhari ameipokea. Zubayr alikuwa upande wa juu, na hukumu ya Mtume (s.a.w.) ya kwanza ilikuwa anyweshe kisha aachie maji yateremke kwa jirani. Aliye juu ana haki ya kutangulia, na haki hiyo ina mpaka. Kituo cha data kinachopozwa kwa kuvukiza maji kimekaa upande wa juu wa mfereji hata kama kimejengwa bondeni, kwa sababu maji yanayovukizwa hayateremki kwa yeyote. Mwaka 2023, Uruguay ikiwa katika ukame uliofanya maji ya bomba ya Montevideo yawe na chumvi, watu waligundua kwamba kituo kilichopangwa na Google huko Canelones kingetumia lita milioni 7.6 za maji ya kunywa kwa siku. Zogo lilikuwa kubwa, na baadaye mpango ukabadilishwa utumie kupoza kwa hewa. Ila kupoza kwa hewa hula umeme zaidi: unapunguza kwenye maji, unaongeza kwenye moto. Wahandisi wanaijua mizani hii vizuri. Wasichokifanya mara nyingi ni kumuuliza aliye chini ya mfereji angependa mizani ilalie wapi. Ziwa Naivasha lina wavuvi, lina mashamba ya maua, na tayari visima vya mvuke vimekuwa vikitumia maji yake wakati wa kuchimba. Walioutangaza mradi wa Olkaria waliahidi teknolojia ya kuokoa maji. Ahadi hiyo inapimika kwa lita kwa kila kilowati-saa, na mwanafunzi asipoiona tarakimu kwenye karatasi aandike kwamba haipo.

Nimeichelewesha malisho kwa makusudi, maana ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi.

Olkaria ni ardhi ambayo Wamasai wamelisha ng'ombe wao tangu kabla ya mpira wa kwanza wa kupimia kuletwa pale. Mtambo wa kwanza wa mvuke uliwashwa mwaka 1981. Mwaka 2014, mtambo wa Olkaria IV wa megawati 140 ulipokuwa unakamilishwa, familia za vijiji vinne zilihamishiwa makazi mapya ambayo watu wanayaita RAPland. Walijengewa nyumba, shule na zahanati, na hilo tusilifiche. Pamoja na hayo, mwaka huohuo wa 2014 baadhi yao walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliokuwa wafadhili: ardhi yenye makorongo, hati iliyochelewa, barabara mbovu, watu walioachwa nje ya orodha. Ikafuata suluhu ya mazungumzo iliyofikia makubaliano mwaka 2016. Huo haukuwa mradi wa data, ulikuwa wa umeme. Lakini seva haina umeme wa kwake. Ukichora mnyororo wa kituo cha data ukaanzia kwenye lango la kiwanja chake, umeukata pale inapoanza habari ya watu.

Sheria yetu haikatai ardhi ya pamoja itengwe kwa maslahi ya umma. Himaa, yaani ardhi iliyozuiwa kwa wanyama wa zaka na farasi wa jihadi, ilikuwepo zama za Mtume (s.a.w.) na za makhalifa. Soma hata hivyo wasia wa Umar bin Khattab (r.a.) kwa Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru na kumweka msimamizi wa himaa. Umo katika Sahih Bukhari. Alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, na ajihadhari na mifugo ya Abdulrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan. Hao ni masahaba waliobashiriwa Pepo! Umar hakuwa na shaka na dini yao. Hoja yake ilikuwa kwamba matajiri mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, na maskini wake wakifa atakuja na watoto mlangoni kuomba dhahabu na fedha, na kumpa nyasi ni nafuu zaidi. Aliapa kwamba watu wanaona amewadhulumu, kwa kuwa nchi ni yao. Mimi nimesoma tathmini kadhaa za athari za miradi tangu ndugu yetu atuletee kazi hii, na sijaona iliyoweka swali kwa unyoofu huo: huyu akipoteza malisho, ana kingine cha kurudia?

Baada ya vitu hivyo vitatu bado kuna kilichowekwa ghalani, na huo ni mlango wa amana.

Wadia, kitu unachompa mtu akuhifadhie, ina hukumu zilizopangwa kwa uangalifu sana katika vitabu vyetu vya Kishafii. Aliyepokea wadia halipi kikipotea, ila akivuka mpaka au akizembea. Kipimo cha uzembe ni hirzi, mahali pa kuhifadhia panapolingana na kitu chenyewe: dhahabu ina hirzi yake na kuni zina hirzi yake. Akivaa nguo aliyowekeshwa au akipanda mnyama aliyewekeshwa bila idhini, amevuka mpaka na dhamana imekuwa juu yake, hata kama baadaye mnyama atakufa kwa jambo lisilomhusu. Hebu iweke hukumu hiyo mbele ya kampuni inayosoma data za wateja wake kwa faida yake yenyewe bila wao kujua.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Tovuti nyingi zilizimika. Waliokuwa na nakala mji mwingine walirudi kazini. Wale ambao nakala zao zilikuwa kwenye kiwanja kilekile wengine walipoteza vyote. Sisi wa Bujumbura hatuhitaji kufafanuliwa. Asubuhi ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu liliungua, na kuna wafanyabiashara waliokuwa wameweka bidhaa, daftari la madeni na pesa taslimu ndani ya kibanda kimoja. Mpaka leo utawakuta walioanza upya kutoka sifuri.

Nani analipa? Hapa aina ya mkataba ndiyo inayoamua. Kama kampuni imekukodishia nafasi tu, na seva ni yako, hiyo ni ijara ya mahali, na kuilinda mali yako kuna sehemu kubwa inayobaki kwako. Kama umewapa data waitunze kwa malipo, wamekuwa kama fundi anayepokea vitu vya watu wengi. Wanazuoni walitofautiana juu ya fundi huyo. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba hadhamini bila kosa. Imepokewa kwa Ali (r.a.) kwamba aliwadhaminisha mafundi kwa maslahi ya watu, na wanafunzi wawili wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, walimdhaminisha ila kwa janga lisiloepukika, wakitoa mfano wa moto mkubwa. Ndugu yetu alipoisikia alidhani OVH imeshapona. Nikamwambia asubiri: moto wa jengo unaweza kuwa haukuepukika, na kuweka nakala ya pili chini ya paa moja na ya kwanza kukawa kuliepukika kabisa. Hilo ni suala la hirzi, na hirzi ya data ni umbali.

Basi kazi yake ya mwisho ni kupendekeza mahali pa kujenga kituo kidogo cha mfano hapa Burundi, na fiqhi tuliyoisoma imemharibia mpango wa awali. Alikuwa ameweka alama Bujumbura, karibu na mkongo na wateja. Lakini mji wetu uko mita mia nane hivi juu ya usawa wa bahari na joto lake mnalijua. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka bandarini, na watu wa Gatumba wakahama. Kisha kuna mazutu. Viwango vya kimataifa vya vituo vya daraja la juu vinataka akiba ya mafuta ya jenereta ya saa 12. Saa 12 ni kipimo cha nchi ambayo lori la mafuta hufika likiitwa. Kwetu, ambako tumeona magari yakilala foleni siku kadhaa, akiba hiyo si hirzi, na alipoandika siku saba badala ya saa 12 gharama za ujenzi zikapanda ukurasa mzima.

Sasa ameihamishia alama Gitega. Ni juu zaidi, hewa ya usiku ni baridi kiasi cha kupoza seva bila kuvukiza maji, na nakala inaweza kubaki Bujumbura, vilima vikiwa katikati. Kwa maji na moto hoja yake inasimama. Nilimwomba anionyeshe kiwanja kwenye picha ya setilaiti. Kina migomba, na chini ya migomba kuna mistari ya maharage iliyopaliliwa vizuri. Tumekubaliana kwamba sura ya upozaji isubiri, kwanza apande basi aende akamuulize mwenye jembe.